Kidole Juu ya Mshipa wa Mwenyekiti

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mgonjwa. Sista Mkuu, mama wa Kihindi mfupi mwenye miwani ya kamba, alinikalisha ofisini kwake, akanifunga mpira juu ya kiwiko, akaniamuru nifumbe macho na kuutafuta mshipa wangu mwenyewe kwa kidole. Nilikuwa kijana wa Unguja niliyefika Maskati na mama yangu muda si mrefu, Kiarabu changu cha kuombea maji tu, na Kiingereza cha shule ndicho kilichonipatia kazi. Nilipapasa mpaka nikaona haya. Yeye alikuwa akinywa chai yake.

"Macho ni mwongo," aliniambia nilipoupata. "Mtu mnene, mtoto, mzee, mshipa hauonekani. Kidole kinaona. Kifundishe kidole chako, mengine utayasoma vitabuni."

Nawaandikia nyinyi wauguzi vijana mnaoanza sasa, mnaokaa mbele ya mashine zinazolia kama watoto wa kudekezwa kila mgonjwa akijigeuza. Nimekula chumvi nyingi, ingawa kazi yangu ilikuwa kuwakataza watu chumvi. Sitaki kuwasimulia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Sindano tulizichemsha, zikawa butu, wagonjwa wakalia, na sisi tukalia nao chooni. Nataka kuwasimulia kuhusu kidole hicho, na mshipa mmoja kilioupapasa mwishoni mwa kazi.

Kutoka wodi ya wanaume nilipelekwa hospitali ya bara, kwenye milima, ambako Mganga Mfawidhi alikuwa Mmisri aliyetukana kwa ufasaha na kutibu kwa ufasaha zaidi. Huko watu walinicheka kwa lafudhi yangu, wakaniita Mzinjibari mpaka nikasahau kwamba nina jina. Nilirudi Maskati ilipofunguliwa sehemu ya kusafisha damu. Daktari Mkuu wa figo, Msudani mrefu ambaye sikupata kumwona akikimbia, alitukusanya na kutueleza kazi yenyewe. Figo zikifa, damu hutolewa mwilini kwa mrija, hupitishwa kwenye kichujio na kurudishwa kwa mrija mwingine, saa nne kila mara, mara tatu kwa wiki. Ili mshipa uvumilie sindano nene namna hiyo, daktari wa upasuaji huuunga mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi, hapo chini ya kiwiko. Muungano huo huitwa fistula. Ukiweka kidole juu yake utausikia unatetema, kama paka aliyeshiba. Mtetemo ukiwapo, njia iko wazi. Ukinyamaza, njia imeziba, na mtu hana pa kusafishia damu.

"Ya Nassor," Daktari Mkuu aliniambia siku ile, "hapa hatumponyi mtu. Tunampa siku mbili, akazimaliza, akarudi kutaka nyingine. Kama unapenda kushukuriwa, nenda wodi ya wazazi."

Nilikaa hapo mpaka umri wangu wa serikali ukaisha. Walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, nikarudi nyumbani. Mwezi haukuisha mke wangu akaniambia, "Nassor, umekuwa mlinzi wa friji. Katafute kazi kabla sijakutafutia mimi." Basi nikaingia kliniki ya binafsi ya kusafisha damu kule Azaiba, ghorofani, juu ya duka la mapazia. Meneja alikuwa Bi Raya, binti wa watu wetu wa Unguja, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye simu mbili na subira moja. Siku moja alinijia na mzee kwenye kiti cha magurudumu.

"Ami Nassor, huyu wako. Tafadhali. Anazungumza Kiarabu cha mimbari, wallahi hata mimi simfahamu, na masista wa Kifilipino ndiyo kabisa."

Mzee alikuwa mdogo wa mwili, ngozi ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, nywele nyeupe zimechanwa nyuma kwa kitana na maji. Alitokea nchi moja ya Asia ya Kusini-Mashariki. Sitaitaja, wala jina lake, maana wapo walio hai. Aliyemleta alikuwa bintiye, Nur, mkuu wa jiko la vitamu katika hoteli moja upande wa Bustan, aliyeishi naye Khuwair ya Kusini kwenye fleti ya vyumba viwili. Nilimwekea kidole. Mtetemo ulikuwa mzuri, wa nguvu. Nikamwambia hivyo kwa Kiarabu, naye akanijibu kwa Kiarabu chenye i'rabu zote, kila neno na mwisho wake wa kisarufi, kama msomaji wa hotuba ya Ijumaa: "Alhamdulillahi, ewe muuguzi, kwani kiungo hicho ndicho pekee kilichobaki kuwa mtiifu."

Nilicheka. Nikamuuliza alijifunza wapi Kiarabu hicho, akasema baba yake alikuwa na chuo cha Kurani na fiqihi, na yeye alikuwa mwanafunzi bora. "Kisha nikawa mwenyekiti wa chama cha kikomunisti," alisema, kwa sauti ile ile. Nikadhani ananitania. Hakuwa akinitania.

Mgonjwa wa figo husema. Saa nne ni nyingi, mkono mmoja umefungwa, televisheni inarudia habari zile zile, na aliye karibu ni muuguzi. Kanuni yangu ilikuwa kutouliza na kutokatiza. Kwa hiyo maisha ya Mwenyekiti nimeyapata vipande vipande, kila kikao kipande.

Baba yake alimpeleka mjini akawe karani bandarini, apate kula. Huko akawaona wapagazi wanapigwa mbele ya magunia ya mchele wanayoyabeba na wasiyoyala. Wakagoma, naye akawaandikia madai yao kwa kuwa alijua kuandika. Aliyekuja kumtafuta baada ya mgomo alikuwa mtu wa chama. Akawa mjumbe wa siri, akawa katibu wa wilaya, akafungwa, akatoroka, akaingia msituni. Viongozi waliokuwa juu yake waliuawa mmoja baada ya mmoja, na kila aliyeuawa alimwachia yeye daraja ya kupanda. Alipokuwa mwenyekiti alikuwa bado na nywele nyeusi. Alialikwa miji mikuu ya mbali, akapigwa picha na wakubwa, akashangiliwa na kumbi nzima za watu wasiomjua. Kisha akarudi msituni kula mizizi.

"Tulitaka mtu asipigwe mbele ya mchele," alinambia. "Hilo tu. Usicheke, lilikuwa jambo kubwa." Sikucheka. Nakiri nilimpenda mzee yule. Nilikuwa namwekea mto wa ziada ambao Bi Raya aliuficha kwa wagonjwa wa heshima, na nikamzoea hata siku za mapumziko yangu nikajikuta nafikiria uzito wake umepanda kiasi gani.

Siku moja akaniuliza yeye. Baba yangu alifanya kazi gani?

Nikamwambia. Baba alikuwa fundi baskeli Unguja, mtaa wa Mkunazini, Mmanga maskini asiyekuwa na shamba wala mnazi. Mwaka wa mapinduzi watu wenye bunduki walikuja dukani, wakamkuta ameipindua baskeli ya mtu, gurudumu mkononi. Walimchukua na mikono yake ya mafuta. Hakurudi, wala hatukuambiwa alipopelekwa. Wiki iliyofuata mwenye baskeli alikuja kuichukua, mama akampa, pamoja na gurudumu. Nilikuwa mtoto mdogo, nimesimama nyuma ya kanga yake.

Nilipomtoa sindano Mwenyekiti alinitazama usoni muda mrefu, akaenda zake.

Kikao kilichofuata, mara tu mashine ilipoanza kuzunguka, alinihadithia ya rafiki yake. Walisoma chuo kimoja kwa baba yake, ubao mmoja, wino mmoja. Rafiki huyo aliingia chama kwa ajili yake. Msituni ikaja njaa, na jeshi likawa linajua kila wanakolala, ikawa yakini kwamba yumo anayewauza. Kamati ikamtia hatiani yule rafiki, kwa sababu alikuwa akitoweka alfajiri. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, akalitoa, rafiki akauawa. Miezi baadaye msaliti wa kweli alishikwa, mtu mwingine kabisa. Rafiki alikuwa akitoweka alfajiri kwenda kusali, mbali, asiwaaibishe wenzake wakomunisti.

"Mkewe tulimwambia jeshi limemuua," alisema. "Tukamfanya shahidi wa chama. Tulimtungia wimbo."

Kidole changu kilikuwa juu ya fistula yake, maana mashine ilikuwa imetoa onyo na nilikuwa naangalia njia. Mtetemo ulikuwa ule ule wa siku zote. Nilitoa mkono wangu kama niliyegusa kikaango. Damu yake ilikuwa nje, katika mirija, mbele yangu, na nilijua vibano vyote vilipo. Sisemi kwamba nilifikiri lolote. Nasema nilijua vilipo.

Nilimaliza zamu, nikaenda kwa Bi Raya nikamwambia anibadilishie mgonjwa.

"Kakutukana?"

"Hajanitukana."

"Basi kakufanya nini, ami? Mgonjwa mwenyewe anakuulizia wewe tu."

Nikamweleza kwa ufupi. Aliziweka simu zake zote mbili mezani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Na sisi babu yetu hakurudi," alisema. "Bibi alikufa akimwekea sahani. Nikikubadilishia, ntamweka nani? Lakini sikulazimishi, ami, wallahi. Nenda nyumbani, kisha nambie."

Nilikwenda nyumbani nikamkumbuka mama. Bi Zuwena hakukaa eda. Nyinyi mnajua eda ni nini: mjane hujitenga miezi minne na siku kumi, haoni harusi wala udi, kisha hutoka na kuendelea na maisha yake. Mama alikataa. Mashoga zake walimjia Unguja na wakamjia Maskati, wakimwambia, "Zuwena, kaa eda, msomeshee khitma mumeo, ujue moja." Yeye hujibu, "Nimsomee nani? Nimeona maiti mimi? Nimeoneshwa kaburi?" Karatasi za serikali zilipomuuliza hali yake ya ndoa alisema mume yuko safarini. Alivaa kanga za rangi mpaka uzeeni, akijipaka wanja kila Alhamisi, na mimi kijana nikimuonea haya. Alikufa hivyo hivyo, si mke si mjane. Nilimzika mwenyewe, na nilipokuwa namtilia udongo nilihisi nazika mtu aliyeachwa mlangoni.

Nikarudi kazini. Nilimwambia Bi Raya mgonjwa wangu ni wangu. Nilimchoma sindano zangu mbili bila salamu.

"Ulinikimbia," alisema Mwenyekiti.

"Nilikukimbia."

"Sikuja kwako kutafuta dini, muuguzi. Dini naijua kuliko wewe. Haki ya Mungu, Mungu husamehe akitaka. Haki ya mja ni ya mja mwenyewe. Niliowakosea wako mbali, wengine wamekufa. Wewe ni mtoto wa aliyechukuliwa. Nihalalishie wewe, kwa niaba yao."

Sisi watu wa Unguja neno hilo tumelizoea. Tukisafiri, tukiugua, tukigombana, tunaambiana nihalalishie, yaani nisamehe niliyokukosea, na mtu hujibu amehalalisha kabla hajajua kosa. Lilinifika mdomoni kwa mazoea. Nikalimeza.

"Mimi si wakili wa mtu," nilimwambia. "Nnakuuliza jambo moja tu. Mlimzika wapi?"

Aligeuza uso kwenye televisheni.

"Rafiki yako. Alizikwa? Wapi?"

"Mahali kambi zilipo ni siri ya chama. Nilikula kiapo."

"Chama kimekwisha, Mwenyekiti. Umebaki wewe na kiapo chako, na mwanamke mmoja asiyejua kama ni mjane wa shahidi au wa nani. Yu hai?"

Akakiri kuwa yu hai. Hapo ndipo nilipofahamu kilichokuwa kikimkaba. Mama yake Nur alikufa uhamishoni, katika nchi ya baridi iliyowapokea baada ya chama kuvunjwa, nchi ambayo baadaye nayo ikaacha ukomunisti na kumwacha mzee na chumba na blanketi. Aliyemlea Nur kwa simu na kwa vifurushi vya dagaa wakavu alikuwa yule mke wa rafiki. Nur alimwita mama. Yeye ndiye aliyemfundisha Nur vitamu vya kwao, vilivyompatia kazi hotelini. Hakukuwa na njia ya kumfikia bibi yule ila kupitia simu ya Nur, na Nur akiwa amekaa hapo akisikia.

"Nikisema, nitampoteza binti yangu," alisema. Kiarabu chake kilikuwa kimeacha i'rabu. "Sina mwingine anayenivua viatu."

La kuvunda halina ubani, na mimi sikuwa na ubani wowote wa kumpa.

Ilichukua vikao vingi. Kila nikimwekea kidole alinitazama kama nitasema tena, nami sikusema. Kisha asubuhi moja alimwambia Nur asishuke kwenda kazini, akae, apige simu. Bi Raya aliwafungia pazia. Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya mashine, siwezi kumwacha mtu damu ikiwa nje. Lugha yao siifahamu hata neno. Niliona uso wa bibi kwenye kioo cha simu, mkongwe, kitambaa kichwani, nyuma yake kuku wanapita. Alitabasamu alipomwona Nur. Mwenyekiti alianza kusema, na nikaona tabasamu la bibi likiondoka, kisha nikamwona Nur anaweka mkono mdomoni. Bibi hakulia. Aliuliza kitu, mzee akachora kwa kidole hewani, kama mtu anayeonesha mto unavyopinda. Akauliza tena, mzee akajibu kwa maneno. Akauliza mara ya tatu. Kisha simu ikakatika, na nadhani aliikata yeye.

"Amesamehe?" Mwenyekiti alimuuliza bintiye, kwa Kiarabu, nahisi ili nami nisikie.

Nur aliinuka akatoka nje ya pazia. Nilimkuta kwenye ngazi, ameegemea ukuta. Kiingereza chake kilikuwa safi.

"Aliuliza upande gani wa mto," alinambia. "Aliuliza kama alielekezwa kibla. Baba alisema ndiyo, aliwaamuru wamwelekeze, usiku wa manane akarudi kuhakikisha. Halafu akauliza kama alivaa shati la bluu." Akapangusa uso. "Mwisho akasema atanunua nguo za eda. Hakusema jingine."

Nilikaa pale kwenye ngazi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nikalia. Nililia kwa ajili ya Bi Zuwena na wanja wake wa Alhamisi. Fiqihi itasema eda ya bibi yule ilikwisha zamani, miezi ile ilipita bila yeye kujua. Fiqihi na iseme. Yeye alikuwa amepewa ruhusa ya kuanza.

Nur aliendelea kumleta baba yake, lakini hakupanda tena ghorofani. Alikuwa akimkabidhi kwa mlinzi chini, akakaa ndani ya gari, kiyoyozi kimewashwa, saa zote nne. Mzee hakulalamika. Alinambia mara moja tu, "Ananivua viatu bado, lakini hanitazami." Hakunitaka tena nimhalalishie, nami sikumwambia nimemhalalishia. Mto wa ziada nilimwekea.

Kisha ikaja asubuhi nilipoweka kidole chini ya kiwiko chake pakawa kimya. Nilisogeza huku na huku, nikaweka na stethoskopu ya daktari kabisa. Njia ilikuwa imeziba. Daktari wa kliniki alimweleza kuhusu mrija wa shingoni, wa haraka, ungempa muda wakati anatafutiwa mshipa mwingine. Mwenyekiti alitikisa kichwa. Bi Raya alimbembeleza, nami nikambembeleza, na Nur akapandishwa kutoka garini akambembeleza kwa lugha yao, akilia sasa. Alimshika Nur mkono akasema kitu kifupi. Akarudishwa Khuwair ya Kusini na akafia huko siku chache baadaye.

Nilikwenda kumzika. Tulikuwa wachache: imamu wa msikiti wa mtaani, ambaye naye ni mtu wa Unguja, majirani wa jengo, wapishi wawili wa hotelini, na mimi. Baada ya sala imamu aligeuka akatuuliza kama inavyoulizwa kwa kila maiti kwetu: "Huyu ndugu yetu mnamjua vipi?" Na jibu pia ni lile lile, hutoka lenyewe, hata kwa mtu ambaye hukupata kula naye. "Mwema," walisema wapishi. "Mtu mwema," walisema majirani, waliomjua kwenye lifti tu.

Imamu alikuwa akinitazama. Alijua mimi ndiye niliyemjua.

"Alisema alipomzika," nilisema.

Imamu alingoja, akidhani nitaongeza. Alipoona siongezi, akatuamuru tuinue jeneza.

Sikurudi tena Azaiba. Mke wangu hasemi tena juu ya friji. Asubuhi natembea mpaka pwani na kurudi, na vijana niliowafundisha hunipigia kuniuliza mambo ambayo mashine haijui. Watu wa rika la waliomchukua baba yangu wamebaki wachache, na ni wazee wa kuugua. Wanaugua Unguja, wanaugua Dari-Salama, wanaletwa matibabu hata Ghuba. Figo zao si za chuma.

Basi wanangu, siku moja kitandani kwenu atalala mzee wa visiwa vyetu. Mchomeni vizuri, asiumie. Mpeni mto. Akianza kuusimulia mwaka ule, msiongeze sauti ya televisheni, na akiwataka mmhalalishie, mezeni neno. Wekeni kidole juu ya mtetemo, na njia ikiwa bado iko wazi muulizeni: Seif bin Hilal, fundi baskeli wa Mkunazini, aliyechukuliwa na mikono yake ya mafuta, mlimzika wapi?